Mbili ya Tano: Maneno kwa Walimu wa Hisabati wa Shule za Msingi

Walimu wenzangu, mlionitangulia kuzaliwa na kazini, shikamooni. Ninyi mlioripoti vituoni mwaka huu, karibuni. Nimeombwa nizungumzie mtaala wa hisabati kuanzia darasa la kwanza hadi mtoto anapoingia sekondari: mada zipi ziwemo, zifuatane vipi, na zipi ziondoke. Nitaanza na binti mmoja wa darasa la sita na hesabu moja aliyoifanya barazani kwangu.

Tangu nistaafu ukufunzi, jioni watoto wa majirani huja kwangu na madaftari yao. Binti huyu nilimpa nusu jumlisha moja ya tatu. Hakusita. Alijumlisha vya juu, akajumlisha vya chini, akaandika mbili ya tano, akalipigia jibu mstari kwa rula. Mwandiko wake ni wa kupendeza.

Sikumwambia kama amepata au amekosa. Nilimuuliza, “Kati ya nusu na mbili ya tano, ipi kubwa?” Akajibu bila wasiwasi, “Mbili ya tano, babu. Mbili ni kubwa kuliko moja, na tano ni kubwa kuliko mbili.” Nikachora mstari, nikaweka sifuri huku na moja kule, nikamwomba anionyeshe nusu inakaa wapi. Aliutazama mstari ule kwa muda mrefu. Kisha akachora duara pembeni, akaligawa katikati, akatia rangi upande mmoja. Kwake nusu ilikuwa picha ya chungwa lililokatwa, na picha ya chungwa haina mahali pa kukaa kwenye mstari wa namba.

Kukosa kila mtoto hukosa. Lililonisumbua ni kwamba alichukua nusu, akaiongezea kitu, akapata kisichofika hata nusu, na hakushtuka. Mtoto huyuhuyu ukimtuma dukani akarudishiwa chenji pungufu ya shilingi 50, anarudi kudai. Dukani namba zina maana kwake. Darasani tumemfundisha kwamba si lazima ziwe nayo.

Mama yake ni mtunzaji wa vitu. Kesho yake aliniletea kiroba chenye madaftari yote ya hisabati ya binti tangu darasa la tatu, nikakaa nayo mpaka usiku. Daftari la darasa la tatu: duara limegawanywa mara nne, kipande kimoja kimetiwa rangi, chini yake imeandikwa robo. Daftari la darasa la nne: duara, vipande vinne, rangi, robo, halafu mazoezi machache ya kulinganisha. La tano: duara tena, robo tena, kisha kujumlisha sehemu zenye asili sawa, yaani namba ya chini ileile. La sita linafungua kwa duara lilelile, na kurasa mbili mbele inaangukia kanuni ya KDS (Kigawe Kidogo cha Shirika, namba ndogo kuliko zote ambayo asili zote zinaigawa bila baki), hatua nne za kukariri, mazoezi kumi, vema kumi za wino mwekundu. Ukurasa unaofuata ni desimali. Mstari wa namba niliukuta mara moja, darasa la tatu, ukiwa na namba nzima tu. Haukuonekana tena.

Miaka minne chungwa lilelile limekatwa mara nne. Kila mwaka binti alianza sehemu upya kama mtu ambaye hajawahi kuziona, na kila mwaka mada ilifungwa kabla hajafika mahali ambapo sehemu inakuwa namba. Walimu wake hawakuzembea. Niliona tarehe, niliona masahihisho, niliona azimio la kazi limefuatwa wiki kwa wiki. Kila mmoja alifundisha alichopangiwa, tena vizuri. Tatizo lilikuwa katika mpango wenyewe.

Sasa niwaambie jinsi nilivyomrudisha, kwa sababu hapo ndipo lilipo jambo langu lote la leo. Nilimuuliza, “Maembe mawili na machungwa matatu ni ngapi?” Akacheka, akasema, “Hayajumlishiki, babu.” Nikamwambia ajaribu. Akafikiri, akasema, “Matunda matano.” Nikamwambia, hapo umefanya kazi kubwa kuliko unavyodhani. Vitu viwili visivyo vya jina moja ulivitafutia jina linalovikusanya vyote, ndipo ukahesabu.

Kiswahili kina hazina ambayo tumeiacha ipate vumbi. Wazee wetu hawakusema “moja ya tatu” wala “moja ya sita”. Walisema theluthi kwa moja ya tatu, robo kwa moja ya nne, humusi kwa moja ya tano, sudusi kwa moja ya sita, thumuni kwa moja ya nane. Kila asili ilikuwa na jina lake, kama embe lilivyo na lake na chungwa lake. Ukisema theluthi mbili unahesabu vitu viwili vinavyoitwa theluthi. Kwa hiyo nusu jumlisha theluthi ni embe na chungwa, na swali linakuwa: tuyaite matunda gani? Jibu ni sudusi. Nusu ni sudusi tatu, theluthi ni sudusi mbili, jumla sudusi tano. Binti aliliona lote barazani, bila KDS. KDS nilimpa baadaye, akaipokea kama njia fupi ya kufika mahali anapopajua.

Waislamu waliomo humu wameshajua ninakoelekea. Katika mirathi kuna mafungu sita yaliyotajwa: nusu, robo, thumuni, theluthi mbili, theluthi na sudusi. Mwanamke akifariki bila mtoto, akaacha mume, mama, na ami yake ndugu wa baba, mume huchukua nusu, mama theluthi, na kinachobaki ni cha ami. Shehe hutafuta kwanza namba ambayo mafungu yote yatatoka ndani yake bila kuvunjika, na namba hiyo wanazuoni huiita asili ya masuala. Hapa ni sita. Mume ana tatu, mama mbili, ami moja. Ni hesabu ileile ya binti wa darasa la sita. Kama nusu na theluthi zingekuwa mbili ya tano, mume na mama kwa pamoja wangepata kidogo kuliko fungu la mume peke yake, na msiba ungegeuka ugomvi kabla ya arobaini. Tangu zamani kwenye mikeka ya misikiti ya mwambao watu wamekuwa wakijumlisha sehemu zenye asili tofauti, tena kwa mali za kweli. Mtoto wa Tanga, wa Lamu au wa Unguja anapoambiwa kwamba hesabu hii ni ngumu na ya kigeni, anaambiwa jambo lisilo kweli.

Angalieni wazo lenyewe lilivyo dogo: vya jina moja ndivyo vinavyojumlishwa. Mtoto wa darasa la kwanza analitumia anapohesabu vizibo. Wa darasa la pili analitumia anaposema makumi matatu na makumi mawili ni makumi matano. Wa darasa la nne analitumia anapokataa kujumlisha mita na sentimita mpaka azigeuze. Linamfikisha kwenye sehemu, linamfikisha kwenye desimali, pale anapopanga nukta chini ya nukta kwa sababu mamoja hukaa na mamoja na sehemu za kumi hukaa na wenzake. Akifika kwenye aljebra, ndilo linalomwambia kwamba x tatu na x mbili ni x tano, ilhali x tatu na y mbili hazigusani. Ni uzi mmoja kutoka vizibo hadi aljebra. Mtaala ukiuonyesha uzi huo, mtoto anajifunza jambo moja kwa miaka saba, kila mwaka kubwa zaidi. Mtaala ukiukata vipande, anajifunza kanuni saba zisizojuana.

Nitoe mfano wa chini kabisa, maana watu wengi hudhani vurugu hizi huanza darasa la tano. Namba zetu kuanzia kumi na moja hadi kumi na tisa zinajieleza zenyewe: kumi, na moja. Mtoto anasikia kumi limo ndani. Lakini tukifika ishirini tunaingia kwenye majina tuliyoyapata kwa Waarabu: ishirini, thelathini, arobaini, hamsini. Ni majina mazuri na ni yetu sasa, ila yanaficha makumi. Neno hamsini halimwambii mtoto wa miaka saba kwamba kuna makumi matano. Kwa hiyo akipewa 52 toa 27 anatazama tarakimu kama vitu vilivyopangwa tu: saba toa mbili ni tano, tano toa mbili ni tatu, jibu 35. Nimeliona jibu hilo mara nyingi kiasi kwamba nalijua hata kabla ya kufungua daftari. Jaribuni hili kwa muhula mmoja tu: kila namba ya tarakimu mbili isomwe kwa majina mawili, hamsini na mbili, yaani makumi matano na mamoja mawili. Mtoto anayesema makumi matano kwa kinywa chake hupata mahali pa kushika unapomwambia avunje kumi moja ili apate mamoja ya kutoa saba. Haina gharama. Inataka tu darasa la pili lipewe muda wa kukaa na makumi na mamoja mpaka yaive, na muda huo haupatikani mahali pengine ila kwa kuondoa kitu.

Hapo kwenye kuondoa ndipo penye mabishano. Kuongeza mada hakumuudhi mtu yeyote. Kila mada ina mtetezi wake.

Wamarekani walipita njia hii kabla yetu. Mwaka 1995 ulifanyika utafiti wa kimataifa uitwao TIMSS, ukapima hisabati na sayansi katika nchi zaidi ya 40. Wanafunzi wa darasa la nane wa Marekani walitoka chini ya wastani katika hisabati, nchi tajiri kama ile. William Schmidt wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan na wenzake hawakuishia kwenye alama za watoto. Walikwenda kuitazama mitaala na vitabu. Wakakuta kitabu cha hisabati cha Marekani kina mada kama 30 au zaidi kwa mwaka, wakati cha Japani kina kama 10. Walisema mtaala wao una upana wa maili na kina cha inchi. Sisi wa pwani tunayajua maji ya namna hiyo, bahari inapokupwa: yametanda mpaka upeo wa macho, na ukiingia hayafiki kwenye kifundo cha mguu.

Kisha wakachora jedwali, na jedwali hilo ndilo lililonifumbua macho mimi. Juu waliandika madarasa, kwanza hadi nane. Kando wakaandika mada. Wakazichukua nchi sita zilizofanya vizuri kuliko zote, Singapore, Korea Kusini, Japani, Hong Kong, Jamhuri ya Czech na Ubelgiji upande wa Waflemi, wakatia alama kila mada mahali inapofundishwa. Likatokea umbo la ngazi. Darasa la kwanza na la pili lilikuwa na mada tatu: maana ya namba nzima, matendo ya namba nzima, na vipimo. Tatu basi. Baadaye mada mpya zinaingia, kila moja baada ya ile inayoibeba, na za mwanzo zinaaga na hazirudi. Jedwali la Marekani lilijaa alama kutoka pembe hadi pembe: karibu kila mada, karibu kila mwaka. Mwalimu akilitazama hajui mtoto alipaswa kumaliza nini lini, kwa sababu hakuna kilichopangiwa kumalizwa.

Mwaka 2006 baraza la taifa la walimu wa hisabati la nchi hiyo, NCTM, lilitoa pendekezo la mambo makuu matatu tu kwa kila darasa, kuanzia elimu ya awali hadi la nane. Mwaka 2008 jopo la kitaifa la ushauri lilisema waziwazi kwamba tuachane na utaratibu wa kuirudia mada mwaka hadi mwaka bila kuifunga. Mwaka 2010 vikatoka viwango vya pamoja ambavyo majimbo zaidi ya 40 yaliviridhia. Baadaye viwango hivyo viliingia kwenye siasa na vikavutana na watu wengi, lakini someni jinsi vilivyopanga sehemu. Darasa la tatu sehemu inaingia kama namba, kwenye mstari wa namba. La nne, sehemu zinazolingana, na kujumlisha zenye asili sawa. La tano, asili tofauti, na kuzidisha. La sita, kugawanya sehemu kwa sehemu, na kazi imekwisha. Linganisheni na kiroba cha mama yule.

Afrika Mashariki nasi tuna historia ya mitaala ya hisabati, na wazee waliomo humu wanaikumbuka. Mwaka 1962 wataalamu wa Afrika, Marekani na Uingereza walikutana Entebbe, Uganda, wakaanza kuandika vitabu vya hisabati mpya vilivyobeba jina la mji huo. Watoto wetu wakakutana na seti kabla hawajatulia kwenye kuzidisha. Wazo lilikuwa zuri: hisabati yote isimame juu ya msingi mmoja. Ila msingi wenyewe ulichaguliwa na wanahisabati wa vyuo vikuu waliokuwa wanatazama kutoka juu kwenda chini, na mwalimu wa kijijini hakuandaliwa vya kutosha. Kenya iliachana nao mwaka 1981 kwa agizo la Rais. Mimi nachukua funzo moja: mpangilio unaompendeza mwanahisabati aliyekwisha kufika si lazima uwe ndio unaombeba mtoto anayeanza safari. Uzi lazima uanzie mkononi mwa mtoto, kwenye vizibo, kwenye kibaba cha mchele.

Sasa nyumbani kwetu Tanzania. Tuliwahi kuthubutu. Mwaka 2015 tulipoingiza mtaala wa KKK kwa darasa la kwanza na la pili, tuliondoa masomo mengi tukatenga sehemu kubwa ya muda kwa kusoma, kuandika na kuhesabu. Tulifanya hivyo kwa sababu tafiti za Uwezo, mpango wa kupima kusoma na kuhesabu kwa watoto, zilikuwa zimetuonyesha kwamba wengi wa watoto wa darasa la tatu hawawezi hesabu za darasa la pili. Yule aliyesimama akasema mtoto wa darasa la kwanza asome mambo machache, alikuwa na ujasiri, nami namheshimu. Ninachouliza ni kwa nini ujasiri ule uliishia mlangoni mwa darasa la tatu.

Swali hili lina tarehe. Kwa Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, elimu ya msingi inakuwa miaka sita. Mtaala ulioboreshwa ulianza Januari 2024, na watoto waliokuwa darasa la tatu mwaka ule watamaliza darasa la sita mwaka 2027, pamoja na kaka na dada zao wa darasa la saba. Mwaka mzima wa mafunzo umeondoka. Hisabati ya miaka saba haiingii ndani ya miaka sita kwa kushindiliwa. Mnajua mnavyofunga gunia la mahindi: ukishindilia kupita kiasi mshono unapasuka, na punje zinazomwagika ni zilezile za juu, ulizoziweka mwisho. Kwetu za juu ni uwiano, asilimia, mlinganyo, yaani vitu ambavyo sekondari itavidai wiki ya kwanza. Kwa miaka mingi, kati ya watahiniwa watano wa kidato cha nne, anayefaulu Hisabati ni mmoja. Katika mwaka bora kidogo, mmoja kati ya wanne. Tumezoea kuwatazama walimu wa sekondari. Mimi natazama daftari la darasa la tatu.

Mtaniuliza, nani anayeondoa? Mtaala unaandikwa na Taasisi ya Elimu, mtihani unatungwa na Baraza, na mdhibiti ubora akija anaangalia kama umefika mada ya wiki ya tisa. Ni kweli, na ningekuwa mwongo nikiwaambia mfunge muhtasari wa somo mfundishe mnavyotaka. Lakini uzito wa mada uko mikononi mwenu. Azimio la kazi mnaliandika ninyi. Katika vitabu nilivyofundishia, namba za Kirumi zilikuwa na mada yake nzima. Ni jambo la kipindi kimoja na saa ya ukutani. Wiki unayoiokoa hapo, wape mstari wa namba wenye robo na nusu. Maumbo yanayorudiwa kutajwa majina kila mwaka, pembetatu, mraba, mstatili, yatajwe mara moja kisha yafanyiwe kazi. Na MAGAZIJUTO (mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa), ambayo kila mtoto anaiimba kama mfuatano wa matendo, ipimwe kwa hesabu ndogo tu: 12 toa 5 jumlisha 3. Mwimbaji atajumlisha kwanza kwa sababu JU imetangulia TO, apate 4. Mtoto aliyekwenda dukani na shilingi 12, akatumia 5, akapewa 3 na shangazi, anajua ana 10.

Mwalimu kijana aliwahi kuniambia, “Mzee, mtoto asipoelewa darasa la tatu, si afadhali akutane na mada hiyohiyo la nne?” Swali hili nalipenda kwa sababu linatoka kwenye huruma. Kumkumbusha mtoto siku mbili, kisha ukampeleka mbele, ni kazi njema na kila mwalimu lazima aifanye. Kuanzisha mada upya kwa wiki tatu ni jambo jingine kabisa. Mwalimu wa la tatu anayejua kwamba la nne watarudia hana sababu ya kuhakikisha, na wa la nne anayejua kwamba la tatu walishaanza hana sababu ya kuanzia chini. Mada inabaki kama mtoto wa wazee wawili, kila mmoja akidhani amekula kwa mwenzake.

Liko jambo la pili ambalo hakuna muhtasari utakaolitatua, nalo ni sisi wenyewe. Mtafiti aitwaye Liping Ma alichapisha mwaka 1999 matokeo ya mazungumzo yake na walimu wa shule za msingi, 23 wa Marekani na 72 wa China. Aliwapa moja na robo tatu gawanya kwa nusu. Katika Wamarekani 21 waliojaribu, 9 walipata jibu kamili. Wachina wote 72 walilipata. Na msidhani Wachina wale walikuwa wasomi wakubwa. Walikuwa wamesoma miaka 11 au 12 tu, chuo cha ualimu kikiwemo, wakati Wamarekani walikuwa na miaka 16 hadi 18. Walichokuwa nacho ni hisabati ya shule ya msingi waliyoijua kama mtu ajuavyo kijiji chake: njia hii inatokea wapi, inapita kwa nani, inafika wapi. Naliona hilo kuwa tumaini kubwa kwetu. Haidai shahada mpya. Inadai tuijue vizuri hesabu ileile tunayoifundisha.

Aliwaomba pia watunge kisa cha hesabu ile, na hapo ndipo palipokuwa pagumu zaidi. Tujaribu. Nina sukari kilo moja na robo tatu, naifunga kwenye vifuko vya nusu kilo. Nitapata vifuko vingapi? Vitatu, na inabaki robo kilo. Sasa, jibu ni tatu na robo, au tatu na nusu? Nawaona mnatazamana, na ninafurahi. Robo kilo iliyobaki ni nusu ya kifuko. Jibu linahesabu vifuko, kwa hiyo ni tatu na nusu. Turudi kwenye uzi wetu: jina la kitu unachohesabu. Mwenye duka anaijua hesabu hii kila siku. Mtoto tunampa “geuza ya pili, kisha zidisha”, naye anageuza ya kwanza, au zote mbili, kwa sababu hakuna kifuko wala sukari akilini mwake cha kumzuia.

Nalitaja haraka jambo la lugha, maana linastahili siku yake. Mtoto anayesoma asili, kiasi, uwiano na mlinganyo kwa Kiswahili huingia kidato cha kwanza na kukuta kila kitu kimebadilishiwa jina kwa Kiingereza usiku mmoja. Aliyeielewa sehemu kama namba hujifunza jina jipya la kitu anachokijua. Aliyebaki na chungwa lililokatwa anakuwa amepoteza kitu na jina kwa pamoja. Kwa hiyo hata kabla hatujamaliza mjadala wa lugha, kina cha darasa la nne ndiyo silaha atakayoingia nayo.

Nimemaliza upande wangu, sasa ni zamu yenu. Kwenye meza ya mbele kuna karatasi kubwa na kalamu za wino mzito. Kila shule ichague kosa moja ambalo watoto wa darasa la sita wanalifanya kila mwaka, kosa ambalo nyote mnalijua kwa sura. Kaeni wa la sita na wa la kwanza pamoja, msijitenge. Lifuateni kosa hilo kurudi nyuma, darasa kwa darasa, mkiulizana mtoto alipaswa kuwa amemaliza nini hapa na je, alimaliza, mpaka mfike pale lilipozaliwa. Andikeni jina la darasa hilo na mada hiyo kwa herufi kubwa, na chini yake mada moja ya darasa hilohilo ambayo mko tayari kuipunguzia muda. Baada ya chai, saa tano, tutabandika karatasi zote ukutani huu wa kulia, kuanzia la kwanza kushoto hadi la sita, tuone alama zimerundikana wapi.